KUTOKA BUNDUKI HADI KIPAZA SAUTI: SAFARI YA MWIMBAJI EMMANUEL JAL

Katika mwaka 1992, mwezi wa Juni na tena mwezi wa Julai, mji wa Juba ulishambuliwa na majeshi ya SPLA yaliyotaka kuutwaa kutoka mikononi mwa serikali ya Khartoum. Wapiganaji waliingia mjini, wakapambana na askari waliokuwa wamejizatiti humo, na mwishowe wakarudi nyuma. Habari za mapigano hayo zimeandikwa na watu wengi. Lakini jambo moja husemwa kwa sauti ya chini: miongoni mwa waliotumwa kuupigania mji huu walikuwamo watoto ambao, lau si vita, wangekuwa malishoni wakichunga ndama au darasani wakijifunza kuandika majina yao.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Jal Jok, mwana wa kabila la Wanuer, ambaye dunia ya muziki inamjua leo kwa jina la Emmanuel Jal. Mtoto huyo aliyekuja upande wa Juba akiwa na bunduki alikua akawa mwimbaji, mtunzi, mtayarishaji wa muziki na mwigizaji wa filamu. Ameimba mbele ya umati wa watu London, amecheza katika filamu ya Marekani, na sauti yake imesikika katika lugha nyingi kuliko zile alizozaliwa akizisikia nyumbani kwao.

Makala haya hayakusudii kumsifu mtu kwa sababu amepata jina. Wenye majina ni wengi. Yanakusudia kuonyesha jambo ambalo maisha ya kijana huyu yanalithibitisha, nalo ni hili: kumtoa mtoto katika vita ni kazi ya safari moja ya ndege, lakini kuvitoa vita ndani ya mtoto ni kazi ya miaka mingi. Kwa Jal, kazi hiyo ya pili ilifanywa na shule, na baadaye ikafanywa na muziki.

MZIGO ULIOUZIDI UMRI

Jal alizaliwa Tonj, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Warrap, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku yake ya kuzaliwa haijulikani, na katika hilo yeye ni sawa na maelfu ya watu wa kizazi chake, ambao hati zao zote huandikwa tarehe 1 Januari. Baba yake alikuwa askari polisi aliyeacha kazi ya serikali akajiunga na SPLA. Vita vilivyoanza mwaka 1983 vilipoifikia jamii yake, mama yake aliuawa. Jal alikuwa na umri wa miaka saba hivi.

Baada ya hapo aliingia katika msafara wa watoto waliokuwa wakielekea Ethiopia. Maelfu ya watoto wa kiume walipita njia hiyo, wakiwa wameahidiwa shule. Wengi walikufa njiani kwa njaa, kiu, maradhi na wanyama wakali. Waliofika waliishi katika kambi za wakimbizi, ambapo mashirika ya misaada yaliwaona wakisoma chini ya miti. Wasichokiona wageni hao ni mafunzo ya kijeshi yaliyofanyika mbali na kambi, ambako watoto walifunzwa kwenda gwaride, kulenga shabaha na kutii amri.

Kila aliyepitia mafunzo ya jeshi anajua uzito wa silaha si jambo la maneno. Bunduki aina ya Kalashnikov ina urefu wa kiasi cha sentimita 87, na ikiwa imejazwa risasi uzito wake hupita kilo nne. Mikononi mwa mtu mzima ni zana. Mabegani mwa mtoto wa miaka minane au tisa ni mzigo unaoupinda uti wa mgongo. Hata hivyo, mzigo mkubwa zaidi haukuwa wa chuma. Jal mwenyewe amesimulia mara nyingi, katika kitabu chake na mbele ya hadhara, kwamba alijazwa chuki, na kwamba alitamani kuwaua Waarabu na Waislamu wengi kadiri ambavyo angeweza, ili kulipiza kisasi cha mama yake na cha kijiji chake. Msomaji ayaweke maneno hayo moyoni, kwa maana tutayarudia tutakapofika katika muziki wake.

Mwaka 1991 utawala wa Mengistu Haile Mariam ulianguka Ethiopia, na kambi zote zikavunjika. Watoto wakarudi Sudan kwa miguu, huku vita vikiwa nyuma yao na vita vingine mbele yao. Ndipo Jal akaletwa katika mapigano ya upande wa Juba.

NJIA YA WAAT

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo wa 1991 SPLA iligawanyika. Kundi lililoongozwa na Riek Machar na wenzake lilijitenga na uongozi wa John Garang, na tangu hapo watu wa Kusini wakaanza kuuana wao kwa wao. Jal na wenzake wapatao 400, kwa hesabu anayoitoa yeye mwenyewe, waliamua kutoroka mapigano na kuelekea Waat, mji uliokuwa ngome ya kundi lililojitenga.

Safari hiyo ilichukua muda wa miezi mitatu hivi. Walikula konokono, majani na nyama ya tai. Amesimulia bila kuficha kwamba njaa ilimfikisha mahali ambapo aliutazama mwili wa mwenzake aliyekufa akashawishika kuula, na kwamba aliomba Mungu amwepushe na jambo hilo. Katika wale 400, anasema, waliofika Waat walikuwa 16.

Huko Waat ndiko alikokutana na Emma McCune, Mwingereza aliyekuwa amekuja Sudan kwa kazi ya misaada ya elimu, na ambaye alikuwa ameolewa na Riek Machar. Mwanamke huyo alimwona mtoto wa miaka kumi na moja hivi amebeba bunduki, akasema kwamba mtoto hapaswi kuwa askari. Hakuishia kusema. Alimpandisha kwa siri katika ndege ya misaada, akamfikisha Kenya, na kumtafutia shule mjini Nairobi.

Emma McCune hakuishi kuyaona matunda ya kazi yake. Mwezi wa Novemba mwaka 1993 alifariki katika ajali ya gari mjini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 29. Alizikwa Leer, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Unity. Mtoto aliyemwokoa akabaki yatima kwa mara ya pili.

DARASA NA KWAYA

Wako watu wanaodhani kwamba mtoto akishanyang'anywa bunduki na kuvalishwa sare ya shule, mambo yamekwisha. Historia ya Jal inakanusha dhana hiyo. Nairobi aliishi katika mitaa ya mabanda, akilala leo hapa na kesho pale, akisoma kwa msaada wa marafiki wa marehemu Emma na wasamaria wengine. Usiku alizijia ndoto za vita. Mchana alikuwa mkali, mwepesi wa kupigana, na mwenye kuona adui katika kila uso. Ndege ilikuwa imeutoa mwili wake Waat, lakini akili yake ilikuwa bado safarini.

Kilichomsaidia kwanza kilikuwa uimbaji wa kanisani. Hakuwa amesomea muziki, wala hakujua kupiga ala yoyote. Lakini aligundua kwamba anapoimba na kucheza, kwa dakika chache anarudi kuwa mtoto. Baadaye akasikia mtindo wa rap kutoka Marekani, ule wa kusema maneno kwa mapigo badala ya kuyavuta kwa sauti ya wimbo, akaona kwamba humo ndimo habari yake inaweza kuingia yote.

Hapa yafaa kusema neno juu ya mtindo huo, maana wazee wetu wengi huudharau wakiuona ni kelele za kigeni. Kwa Wanuer na Wadinka, kijana anapopewa fahali wake wa jina hutunga mashairi ya kumsifu, huyaimba akiwa ameinua mikono mfano wa pembe, na ndani ya sifa za ng'ombe huingiza ukoo wake, machungu yake, mapenzi yake na kejeli kwa washindani wake. Mwanachuoni wetu Francis Mading Deng alizikusanya nyimbo za namna hiyo za Wadinka katika kitabu alichokitoa mwaka 1973. Kijana aliyelelewa katika utamaduni wa majigambo ya aina hiyo hakuwa na safari ndefu kuufikia mtindo wa rap. Alibadilisha mapigo tu. Desturi ya mtu kusimama mbele ya wenzake na kujieleza kwa shairi alikuwa nayo tangu zamani.

Wala Juba haikuwa ngeni kwa muziki wa kisasa. Katika miaka ya 1970 bendi kama Rejaf Jazz na Skylarks zilichangamsha kumbi za mji huu, zikivuta pumzi ya Kampala, Nairobi na hasa ya Kongo, ambako rumba, iliyorudi Afrika kutoka Cuba kwa njia ya sahani za santuri, ilikuwa imepata makao mapya. Vita vilizizima taa za kumbi hizo. Kizazi cha Jal kilikulia mbali na nyumbani, na kwa hiyo muziki wake ukazaliwa uhamishoni.

WIMBO WA "GUA"

Wimbo wake wa kwanza kusikika redioni nchini Kenya, karibu na mwaka 2000, ulikuwa wa Injili. Lakini wimbo uliomtambulisha kama mtunzi mwenye jambo lake mwenyewe ni "Gua", uliopanda hadi kileleni mwa nyimbo zilizopendwa Kenya mwaka 2005 na kuingizwa katika mkusanyiko wa muziki wa Sudan uliotolewa Uingereza.

Jina lenyewe la wimbo huo ni kazi ya mtunzi hodari. Kwa Kinuer neno hilo hubeba maana ya wema na amani. Kwa Kiarabu kinachosemwa Sudan husikika kama neno la nguvu. Hivyo Mnuer akilisikia huwaza amani, na mtu wa Khartoum akilisikia huwaza uwezo, na wote wawili wanaimba neno moja. Ndani ya wimbo na santuri iliyoubeba jina lake, Jal alichanganya Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kinuer na Kidinka.

Mchanganyiko huo wa lugha haukuwa pambo. Katika vita vyetu lugha ilikuwa kipimo cha kumjua adui. Mtu aliulizwa swali kizuizini, na lafudhi ya jibu lake iliweza kumwokoa au kumuua. Anayeziweka Kinuer, Kidinka na Kiarabu katika wimbo mmoja anawaketisha mezani watu ambao njiani wangekwepana. Na Kiswahili kilikuwamo kwa sababu ndicho kilichompokea. Maelfu ya watoto wa Sudan Kusini walijifunza Kiswahili Kakuma, Nairobi, Nakuru na Kampala, na waliporudi nyumbani walikuja nacho, hata kabla nchi yetu haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

MTU WA KUSINI NA MTU WA KASKAZINI

Tarehe 9 Januari 2005, mjini Nairobi, mkataba uliomaliza zaidi ya miaka ishirini ya vita kati ya Khartoum na SPLA ulitiwa sahihi. Mwaka huohuo ilitoka santuri iliyoitwa "Ceasefire", yaani kusitisha mapigano. Walioiimba walikuwa wawili: Emmanuel Jal, Mkristo kutoka Kusini, na Abdel Gadir Salim, Mwislamu kutoka Kordofan, mpigaji wa udi na mwimbaji aliyekuwa tayari na heshima kubwa Sudan nzima.

Hapa ndipo tunapoyakumbuka yale maneno ya chuki tuliyoyaweka moyoni. Kijana aliyekuwa ameapa kuwaua watu wa namna ya Abdel Gadir Salim alikubali kushirikiana naye katika kazi moja. Umri wao ulipishana kwa zaidi ya miaka thelathini. Mitindo yao haikufanana: mmoja ni mtu wa udi na mapigo ya merdoum ya Kordofan, mwingine ni kijana wa rap aliyelelewa na Nairobi. Mtayarishaji angeweza kuzisaga sauti hizo zikawa uji mmoja usio na ladha. Badala yake kila mmoja aliachiwa nafasi yake, na msikilizaji anasikia watu wawili wanaosubiriana zamu.

Tena isidhaniwe kwamba mzee huyo wa Kordofan alikuja katika ushirikiano huo kama mtu asiyejua maumivu. Mwezi wa Novemba mwaka 1994, katika klabu ya wanamuziki mjini Omdurman, mtu mwenye kisu aliwashambulia wasanii. Mwimbaji Khojali Osman aliuawa, na Abdel Gadir Salim akajeruhiwa. Kwa hiyo waliosimama pamoja mwaka 2005 walikuwa majeruhi wawili wa nchi moja, kila mmoja akiwa na kovu lililotoka upande wake. Mikataba hutiwa sahihi na viongozi. Lakini wananchi huamini kwamba adui anaweza kuwa jirani pale wanapowaona watu kama hawa wakifanya kazi pamoja bila kulazimishwa.

KATIKA MAJUKWAA YA DUNIA

Tarehe 2 Julai 2005 yalifanyika matamasha makubwa ya Live 8 katika miji kadhaa ya dunia, kwa lengo la kuyashinikiza mataifa tajiri yaisaidie Afrika. Jambo la kushangaza ni kwamba katika jukwaa kuu la Hyde Park, London, wanamuziki wa Afrika walikuwa wachache mno, na wengi wao walipelekwa Cornwall, mbali kabisa na London, katika tamasha la pembeni lililohusu Afrika. Jal aliimba huko Cornwall. Karamu iliandaliwa kwa jina la Afrika, na wana wa Afrika wakaandikiwa meza ya uani.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 27 Juni 2008, Nelson Mandela alisherehekewa kutimiza miaka 90 kwa tamasha katika Hyde Park ileile. Safari hii Emmanuel Jal alikuwa jukwaani. Hakufika hapo kwa huruma ya mtu. Kati ya tarehe hizo mbili wimbo wake ulikuwa umetumika katika filamu ya "Blood Diamond" ya mwaka 2006, na mwezi mmoja kabla ya tamasha alikuwa ametoa santuri ya "Warchild", ambayo sehemu kubwa yake ni Kiingereza.

Katika "Warchild" aliuelekeza ulimi wake hata kwa wakubwa wa mtindo wake mwenyewe. Uko wimbo ndani yake unaomkemea mwanamuziki tajiri wa Marekani, 50 Cent, kwa kuwauzia watoto sifa za bunduki. Kijana aliyezitumia bunduki kweli alikuwa anamwambia aliyezifanya mapambo kwamba mchezo huo haumfai mtoto. Wakosoaji wengine walisema kwamba Kiingereza chake ni kizito na mapigo yake hayana ulaini wa Wamarekani. Huenda walisema kweli. Lakini wengi wenye ulaini huo hawana habari ya kueleza, naye alikuwa nayo.

Mwaka huohuo wa 2008 ilionyeshwa filamu ya maisha yake, na mwaka 2009 kitabu chake kikachapishwa, vyote viwili vikibeba jina la mtoto wa vita.

MTUNZI AGEUKA MTAYARISHAJI

Wanamuziki wetu wengi wamekufa maskini huku nyimbo zao zikiwatajirisha wengine. Jal aliliona hilo mapema. Alianzisha chapa yake ya muziki, Gatwitch, na mwaka 2012 santuri yake ya "See Me Mama" ilitoka chini ya chapa hiyo. Mtayarishaji ndiye anayeamua ni sauti gani isikike mbele na ipi ibaki nyuma, nani aitwe studio, na wimbo upite njia gani hadi kumfikia msikilizaji. Mtunzi akiishika kazi hiyo, ujumbe wake haupunjwi njiani. Katika "The Key", santuri ya mwaka 2014, yeye ndiye aliyewakaribisha wageni wa heshima, wakiwamo Nelly Furtado wa Kanada na mpiga gita Nile Rodgers wa Marekani.

Fedha na jina alivielekeza pia katika elimu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2008 alijiwekea nadhiri ya kula mlo mmoja tu kwa siku, akiacha kifungua kinywa na chakula cha mchana, na kuwaomba watu watoe thamani ya milo hiyo ili kujenga shule Leer kwa kumbukumbu ya Emma McCune. Nadhiri hiyo aliishika kwa zaidi ya siku 600. Mtu aliyewahi kutembea miezi mitatu bila chakula aliichagua njaa kwa hiari yake, ili mtoto mwingine apate darasa. Hapo kuna nidhamu ambayo hata kambi nyingi za mafunzo haziwezi kuifundisha.

Safari yake na nchi yake haikuwa ya maua matupu. Mwezi wa Septemba mwaka 2012, akiwa hapa Juba, alieleza kwamba alipigwa vibaya usiku na askari polisi waliotaka simu yake. Jambo hilo lilitangazwa na vyombo vya habari vya nchi nyingi. Linatajwa hapa kwa sababu ukweli haufichiki kwa kunyamaziwa, na kwa sababu sare ya taifa ina maana pale tu raia anapoiona usiku akajihisi salama. Yeye hakuigeuza nyimbo yake kuwa ya kisasi.

Mwaka 2014 alionekana katika filamu ya "The Good Lie", inayosimulia habari za vijana wa Sudan waliopokelewa Marekani kama wakimbizi. Alicheza pamoja na Ger Duany, ambaye naye alikuwa askari mtoto kabla ya kuwa mwigizaji. Kwa bahati mbaya filamu hiyo iliyohusu vita vya zamani ilitoka wakati vita vipya, vilivyolipuka Juba mwezi wa Desemba mwaka 2013, vilikuwa vinaunguza nchi. Leer yenyewe ilishambuliwa na kuporwa mwanzoni mwa mwaka 2014, na hospitali yake ikaharibiwa.

SAUTI YA DADA

Katika kazi zake zote, iliyo na uzito wa pekee ni "Naath" ya mwaka 2018. Neno hilo kwa Kinuer maana yake ni watu, na ndilo Wanuer wanalojiita. Jal hakuiimba peke yake. Aliiimba na dada yake, Nyaruach, ambaye vita viliwatenganisha wakiwa watoto, na ambaye aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya.

Hadithi ya watoto wa vita husimuliwa sana na wanaume. Wavulana waliotembea hadi Ethiopia wameandikiwa vitabu na filamu. Wasichana, ambao nao waliteseka na ambao mara nyingi mateso yao yalikuwa ya aibu isiyotajika, walisahauliwa. Kwa kumweka dada yake mbele ya kipaza sauti, Jal mtayarishaji alifanya kazi kubwa kuliko Jal mwimbaji. Na ajabu ni kwamba santuri hiyo ina uchangamfu wa kuchezeka. Ngoma zake ni za furaha, magita yake ni mepesi, na ndani yake kuna upendo, ndoa, ng'ombe na nyumbani. Walioteseka wana haki ya kucheza pia.

FUNZO KWETU SOTE

Msomaji anaweza kuuliza: habari za mwanamuziki aliyeweka makao yake Kanada zinatuhusu nini sisi tulioko hapa Juba?

Zinatuhusu kwa sababu Jal ni mmoja tu katika wengi. Mwezi wa Februari mwaka 2001 watoto zaidi ya 2,500 waliondolewa kwa ndege kutoka maeneo ya vita ya Bahr el Ghazal baada ya SPLA kukubali kuwaachia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 iliweka wazi kwamba asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuandikishwa katika jeshi. Mwaka 2012 SPLA ilitia sahihi mpango na Umoja wa Mataifa wa kuwatoa watoto katika safu zake. Mwaka 2015 wengine zaidi ya 1,700 waliachiwa Pibor. Na mwaka 2018, mwaka ambao jeshi lilibadilishwa jina likawa Jeshi la Ulinzi la Watu wa Sudan Kusini, nchi yetu iliridhia itifaki ya kimataifa inayokataza watoto kutumiwa vitani.

Hizo zote ni hatua za lazima, na afisa yeyote anayeiheshimu kazi yake atazitetea. Lakini ni hatua za kuutoa mwili. Baada ya mtoto kuvua sare ambayo hakupaswa kuivaa, kukabidhi bunduki na kupewa cheti, huanza ile kazi ya miaka. Anahitaji mwalimu atakayemvumilia anapopiga wenzake, familia itakayomkubali na ndoto zake za usiku, na kazi ya mikono au ya akili itakayomfanya aheshimike bila silaha. Wengine wataipata heshima hiyo katika useremala, wengine katika ufundi wa magari, wengine katika kilimo. Na wengine, kama Jal, wataipata katika wimbo.

Kwa hiyo kijana wa mtaani anapoomba nafasi ya kurekodi wimbo wake, asifukuzwe kama mzururaji. Studio ndogo yenye kompyuta moja na kipaza sauti kimoja ni rahisi kuliko kizuizi cha barabarani, na huenda ikazuia mengi zaidi. Shule zetu ziufundishe muziki kama somo, zikianza na nyimbo za ng'ombe, za mavuno na za harusi za makabila yetu yote, ili mtoto ajue kwamba anayo mali kabla hajaazima ya wengine. Na redio zetu zipige nyimbo za lugha zote za nchi, hata zile ambazo mtangazaji hazielewi.

Mji huu wa Juba ulimwona Jal kwa mara ya kwanza akiwa mtoto aliyeagizwa kuuteka. Hakuuteka. Miaka kumi na mitatu baadaye "Gua" ilipigwa redioni, na Mnuer, Mdinka, Mbari na Mwarabu wakaitikia neno moja, kila mtu kwa maana yake. Bunduki ile ya 1992 ilishindwa kupita vizuizi vya mji. Wimbo ulipita, na hakuna askari wa zamu aliyeusimamisha.